Fumie Kurihara, Mpiga Picha wa Majaruba ya Matsunoyama

Ndugu, majirani na marafiki, marehemu Fumie Kurihara alizaliwa tarehe 9 Februari 1951 mjini Nagaoka, mtoto wa pili wa fundi saa Kihachi Igarashi na mkewe Shizu, akasoma hapo hapo, akahitimu chuo cha upigaji picha Tokyo mwezi Machi 1973, akaajiriwa na jarida la safari, na tarehe 3 Novemba 1978 akafunga ndoa na Tetsuji Kurihara, mwalimu wa elimu ya udongo, anayewasomea haya. Walijaliwa binti mmoja, Minako.

Mwaka 1981 walihamia hapa Matsunoyama, akaanza kupiga picha majaruba ya mpunga yaliyopangwa kama ngazi mlimani, na mkulima akitokea, alisubiri aondoke kwanza, kwani hakutaka mtu katika picha zake.

Oktoba 1986 jirani yetu, Bibi Tomi Sekiguchi, mwenye miaka themanini na miwili, alikuja amevaa kimono chake cheusi, akaomba picha ya kusimamishwa mbele ya waombolezaji siku yake ikifika. Fumie alimjibu kwa upole kwamba yeye hupiga picha za milima tu.

“Basi anza na mimi, binti,” Bibi Tomi akasema, “mlima haufi mwaka huu.”

Walicheka, wakanywa chai, picha haikupigwa. Bibi Tomi alifariki tarehe 20 Januari iliyofuata, theluji ikiwa imefunga barabara, jamaa zake wakakata sura yake kutoka picha ya harusi ya mjukuu, wakaikuza mpaka macho yakapotea, na Fumie akasimama mbele ya picha hiyo muda mrefu kuliko watu wote.

Tangu hapo, kila Oktoba kabla ya theluji, alipita nyumba kwa nyumba, akawapiga picha wazee mia moja arobaini na watatu, kila mmoja katika jaruba lake, na wengi wenu mmewazika wazazi wenu kwa picha hizo.

Mei 2023 aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Oktoba, asiweze tena kuzunguka, alimpa mumewe kamera, akasimama kwenye tuta la jaruba la jirani, akapigwa picha. Alipoiona picha alisema, “Tetsuji, mlima mzima umeupinda,” mumewe akaomba kurudia, akakataa. Minako alitaka kuinyoosha, tumeiacha, ndiyo hii mnayoitazama.

Alifariki tarehe 6 Desemba, saa kumi na moja alfajiri. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wapiga picha wenzake, na familia ya Sekiguchi, iliyotuondolea theluji mlangoni siku zote hizi.

Upumzike salama, mke wangu.