Kosa la Leo la Bu Rukmi

Wasikilizaji wapendwa, leo hatuanzi na muziki. Leo tunamkumbuka Bu Rukmiyati, Mama Rukmi wetu, mwalimu wa kemia hapa hapa Wonosobo, aliyefariki Alhamisi iliyopita nyumbani kwake. Wengi wenu amewafundisha. Wengine amewafokea. Na wapo wachache, mnajijua, aliowatoa nje ya maabara kwa sababu ya kandambili.

Kama hukumfahamu, anza na hili. Bu Rukmi alikuwa na jicho moja tu, la kulia. La kushoto lilikwenda akiwa bado mwalimu kijana, mwezi wa Ramadhani, mbele ya darasa lake mwenyewe.

Ilikuwa hivi. Jana yake alikuwa amewafundisha kuzimua asidi kali. Asidi humiminwa kwenye maji, kidogo kidogo. Maji hayamiminwi kwenye asidi. Narudia, wasikilizaji: asidi kwenye maji, si maji kwenye asidi. Wanafunzi waliandika, wakakariri. Siku ya vitendo ikafika. Bu Rukmi alikuwa na swaumu, na usiku hakulala, maana bintiye mchanga, Ratih, alikuwa na homa. Akashika bika ya maji akaiinamisha juu ya asidi. Darasa zima liliona. Hakuna aliyefungua mdomo. Asidi ikachemka papo hapo na kumrukia usoni. Miwani ya kinga siku hizo ilikuwa ya kwenye picha za vitabu.

Wanafunzi walikwenda kumwona hospitali, wamebeba mfuko wa matunda ya salak. Alishukuru, kisha akauliza ni nani kati yao aliliona lile kosa. Kiranja wao, Wasis, akajibu huku ameinamisha kichwa: "Tuliona sote, Bu. Sasa tungekusahihishaje mbele ya watu? Tungekuaibisha."

Sisi wa huku tunamwelewa Wasis. Mkubwa hakosolewi hadharani, ndivyo tulivyolelewa, na Bu Rukmi alilelewa hivyo hivyo. Mumewe, Pak Suwardi, ametusimulia kwamba maumivu hayakumliza. Alilia baada ya wanafunzi kuondoka, alipotambua kuwa hata yeye, angekuwa amekaa kwenye lile benchi, angenyamaza.

Aliporudi kazini alikuja na utaratibu wake. Kila kipindi cha vitendo alifanya kosa moja kwa makusudi, na hakuendelea mpaka mtu aseme, "Bu, ngoja." Aliliita kosa la leo. Halikuwa kosa la kumuunguza mtu, hapana. Mara asahau kufunga vifungo vya koti, mara asome kipimo vibaya.

Wale watoto waliteseka jamani. Mmoja alikohoa mpaka akaletewa maji. Mwingine aliomba ruhusa ya kwenda msalani. Wa tatu akajikaza: "Samahani Bu, huenda ni mimi mwenye macho mabovu." Bu Rukmi akacheka. "Mwenye macho mabovu humu anajulikana," akamwambia. "Haya, endelea."

Kwenye kupima hakuwa na mchezo. Silinda iwekwe mezani, isishikwe mkononi. Jicho liwe usawa wa maji. Soma pale chini kabisa yanapobonyea. Alipenda kuwatania kwamba wao inabidi wafumbe jicho moja ndipo wasome, yeye ameshatangulia.

Wazazi wakaja juu. Walisema anawafundisha watoto wao ujuvi, kwani kijana mmoja alimkosoa babu yake mbele ya wageni. Kikaitishwa kikao. Mkuu wa shule wa wakati huo akamtaka achague: aache mchezo wake au arudishe ufunguo wa maabara. Bu Rukmi alisimama, akavua miwani yake myeusi. Alisema maneno machache tu: "Watoto wenu wana adabu sana. Jicho langu limekwenda na hiyo adabu. Sitaki mtoto wa mtu apoteze lake." Ufunguo ukabaki kwake.

Pak Suwardi anakiri kwamba yeye hakuwahi kufaulu somo hilo. "Mke wangu alizidisha chumvi kwenye supu maisha yake yote," ametuambia. "Kila akiniuliza, nasema tamu."

Miaka ikaenda. Alikuwa amekaribia kustaafu, lakini alitaka kumaliza mwaka na darasa lake. Asubuhi moja alikuwa anataka kuwasha taa ya spiriti. Ameshawasha kiberiti. Msichana mmoja wa mbele, Niken, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Bu, ngoja. Chupa ya spiriti iko wazi, kizibo kiko huku."

Darasa likapiga makofi. Kosa la leo limepatikana mapema. Bu Rukmi akazima kiberiti. Akanyoosha mkono, akaigusa chupa mdomoni kwa kidole. Kweli ilikuwa wazi. Hakuwa ameona.

Wasikilizaji wapendwa, angeweza kutabasamu tu. Nani angejua? Lakini aliwaambia: "Hilo halikuwa kosa la leo. La leo nilipanga kusoma silinda kwa juu, na huko hatujafika. Hili ni langu kweli. Jicho langu halioni tena vizuri." Akatuma aitwe mwalimu mwenzake, akamkabidhi ufunguo pale pale mbele ya darasa.

Ratih, yule bintiye, anasema hapo ndipo Niken alipoanza kulia. Akainama kuushika mkono wa mwalimu wake na kumwomba radhi. Bu Rukmi akamwinua. "Usiniombe radhi, mwanangu. Miaka yote hii nilikuwa nakusubiri wewe."

Kwa Pak Suwardi, kwa Ratih na wanawe, kwa walimu na wote waliopita kwenye maabara ile, poleni sana. Tumempenda, na kwa kweli tumeumia. Kisomo cha siku ya saba ni kesho baada ya Isha, nyumbani kwao. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Nasi tuliobaki tukae na swali moja leo. Yupo nani unayemheshimu kiasi cha kumtazama akiungua?