Bi Ngoja na Yale Majina Kumi na Saba Mekundu

Ijumaa ya tarehe 29 Novemba, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha hisabati, Bi Ngoja anastaafu. Jina hilo alipewa na wanafunzi, naye hakulikataa. Akishauliza swali, hataki kuona mkono juu mpaka ahesabu kumi kimoyomoyo, ili na wapole wapate nafasi ya kufikiri.

Mambo ya utafiti wa ubongo aliyapata ukubwani, lakini ng'ombe hazeeki maini. Akiwa na miaka hamsini na moja alikwenda semina ya siku tatu, akarudi na daftari limejaa hadi kwenye jalada. Tangu hapo kila kipindi chake kilianza na maswali matano: mawili ya jana, mawili ya juma lililopita, moja la mwezi uliopita. Alisema ubongo hushika kile unacholazimika kukitafuta wenyewe, si kile unachosomewa mara kumi. Hata sisi walimu hatukupona. Alituuliza wakati wa chai mambo ya kikao kilichopita, na aliyefeli mara nyingi zaidi ni mkuu wa shule.

Vishikwambi vilipoletwa, aliviogopa waziwazi. Baada ya miezi miwili alikuwa akitufundisha sisi.

Mwaka huohuo programu ya kutahini wanafunzi kwenye vishikwambi ilitoa majina kumi na saba kwa rangi nyekundu, yaani wazito wa kuelewa. Kikao kilielekea kuamua warudie darasa. Bi Ngoja aliomba siku nne. Alichukua kiti akaketi kando ya mmoja mmoja, akitazama kidole na kioo cha kishikwambi. Siku ya tatu, ubavuni mwa binti mmoja mkimya, akaona tatizo. Swali lilitoweka baada ya sekunde nane, binti ndiyo kwanza amemaliza kulisoma. Jibu alikuwa nalo, tena sahihi. Alilitamka kwa sauti ndogo, kioo kikiwa kimeshahamia swali jingine.

Muda ukaongezwa, jaribio likarudiwa. Kumi na wanne walifaulu. Watatu waliobaki aliwafundisha mwenyewe kila siku baada ya masomo, na wote kumi na saba wakapanda darasa. Yule binti sasa anasomea ualimu.

Kikaoni aliulizwa ni nani aliyeweka zile sekunde nane. Alijibu, "Tulikosea. Sasa tunajua," akaomba ajenda inayofuata.

Alikuwa anamjua. Ni mimi, mwalimu wa kompyuta ninayeandika wasifu huu. Niliziweka ili jaribio liishe kabla ya chai. Kwa miaka sita nimenyamaza kwa aibu, naye hajawahi kunikumbusha, hata kwa utani.

Bi Ngoja, wenzako tunakuombea afya njema, furaha ya wajukuu, na asubuhi zisizo na kengele. Asante kwa watoto wale kumi na saba. Na kwa mtu mzima mmoja, asante zaidi.