Taa Ilikuwa na Mafuta

Rudisheni mlango huo, mkae chini, na mwenye simu aizime, maana haya nitayasema mara moja tu na pumzi yangu mnaisikia wenyewe inavyokwaruza. Wewe fundi, usiondoke. Najua wanangu wamekuita unipime suti ya kuzikiwa, wakaniambia ni ya harusi ya mjukuu, kana kwamba mimi ni mtoto wa kudanganywa kwa pipi. Kaa kwenye kiti cha marehemu mama yao, na hicho kitepe chako kiweke magotini. Maneno haya ni yako kabla hayajawa yao.

Mepesi niyamalize kwanza. Nyumba hii ni yenu wote watatu, na haiuzwi mpaka wote watatu mkubali. Kifungua mimba, wewe na dada yako hamsalimiani tangu tulipomzika mama yenu kwa sababu ya kabati, kabati ambalo hata mlango wake haufungi. Nimempa kitinda mimba. Basi, ugomvi huo umekwisha, mkitaka tafuteni mwingine.

Sasa kitinda mimba, inama chini ya kitanda, vuta kamba iliyomo. Mama yenu aliwahi kuichukua aanikie nguo, nikamfokea mpaka akalia, na alikufa bila kujua kwa nini. Izungushe hapa kifuani pangu, chini ya makwapa, ufunge fundo. Usinitazame hivyo, akili zangu timamu. Funga.

Ushuhuda wangu mnaujua. Kila mwaka nasimama mbele, mimi mzee wa kanisa, nasema kwamba nilianguka katika shimo la maji machafu la kiwanda cha ngozi, na Yesu mwokozi wangu akanitoa. Watu huitikia amina, na mchungaji wetu mpya ameniomba niurekodi. Wanangu, mle shimoni tulikuwa watu wawili.

Mwenzangu tulimwita Twiga kwa urefu wake. Katika ile picha ya wafanyakazi iliyo sebuleni, yeye ndiye yule wa nyuma aliyekatwa kichwa, maana mpiga picha hakurudi nyuma hatua moja zaidi. Fundi, huyo ndiye baba yako. Siku moja ulipokuja kumpima mama yao gauni uliniuliza, huyu asiye na kichwa ni nani, nami nikakujibu kwamba simkumbuki.

Kazi yetu ilikuwa na desturi moja. Kabla mtu hajashuka shimoni, inateremshwa taa ya chemli kwa uzi. Ikiwaka mpaka chini, hewa ipo. Ikizimika, hakuna anayeshuka, hata mwenye kiwanda akipiga magoti. Na anayeshuka hufungwa kamba kifuani, na juu huwapo watu wa kumvuta. Asubuhi ile pampu ilikuwa imeziba, meneja amenisimamia anatazama saa yake, nami ni msimamizi wa wiki mbili, kofia mpya bado inanibana. Taa ikateremshwa, ikazimika katikati. Nikaivuta, nikaitikisa karibu na sikio, nikasikia mafuta yakicheza ndani. Nikasema, taa hii haina mafuta. Nilisema mbele ya watu, halafu nisionekane mwoga nikashika ngazi, nikashuka mimi mwenyewe bila kamba, nikijiambia kwamba nitabana pumzi.

Sikumaliza ngazi. Niliangukia kwenye tope, macho yanaona lakini mwili hautaki, na juu kabisa naona duara dogo la mwanga. Kisha duara likazibwa na mtu mrefu anashuka. Kamba ilikuwa kifuani mwake yeye. Alipofika aliifungua, akanifunga mimi, vidole vikimtetemeka, fundo likamteleza mara mbili, na uso wake ulikuwa karibu kama huo wako, fundi, maana umeuchukua wote. Akaniambia, tulia kaka, unaenda nyumbani. Akaivuta kamba mara mbili, nami nikapanda. Walipoiteremsha tena, kamba hii hii, ilirudi tupu.

Meneja alikuja hospitalini siku ya tatu na karatasi yake, akauliza, kana kwamba hakuwapo, aandike ni nani aliyesema taa haina mafuta. Nikasema ni Twiga.

Wawili waliokuwa juu ya shimo walijua ukweli, lakini mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wao, nao walikuwa na watoto wa kulisha, wakaangalia chini. Wiki ile ile, fundi, mama yako alitolewa katika nyumba ya kiwanda, wewe ukiwa mgongoni, mke wa mzembe. Miaka mingi baadaye, nimeshafanywa mzee wa kanisa, alinifuata ibada ilipokwisha, viti vinapangwa, akaniuliza kwa sauti ya chini, mzee, ni kweli mume wangu hakuijali taa? Nikamjibu, tumwachie Mungu, mama. Akanishukuru. Na kila mwaka niliposimama kusema Yesu aliniokoa, yeye kwenye benchi lake la tatu alisema amina pamoja na wengine. Amekufa, lakini amina yake bado naisikia, mchana kweupe, nikinywa chai, nikiwa katikati ya kelele za wajukuu. Na tukiimba kanisani kamba hii hunivuta hapa kifuani, mara mbili, vile vile. Mlidhani ni moyo, mkanipeleka kwa daktari, akasema moyo ni mzima. Ningemweleza nini daktari?

Mtaniuliza, baba, kumbe Yesu ulikuwa unamwita mwokozi kwa mdomo gani? Hata mimi nimejiuliza mpaka nimechoka. Mkristo akimwita Yesu mwokozi, haongelei ajali aliyoponea. Anakiri kwamba kosa lilikuwa langu, na yule asiye na kosa alinifuata nilipokuwa, akalibeba. Ukiliondoa lile la kwanza, hilo la pili linabaki porojo. Mimi nilitaka niokolewe bila kuwa na kosa. Nikamfanya Yesu pazia, nikamtundika mbele ya shimo ili watu wasimwone aliyelala ndani. Naogopa, wanangu, sitawaficha. Yesu alijitolea mwenyewe kubeba ya watu. Twiga alijitolea kunitoa, lakini kosa langu nilimtwisha akiwa maiti, hawezi kusema hapana. Kisha nikaenda kumwimbia Yesu kwa sauti kubwa.

Nipeni maji. Kidogo tu. Asante, binti yangu.

Maagizo yangu ni haya. Siku ya kunizika, kifungua mimba, wewe shemasi, utasimama pale ninaposimama mimi kila mwaka, na utayasema haya yote. Pale penye uongo uuite uongo, usiuite udhaifu, nakujua wewe na maneno yako ya kupaka mafuta. Sifa zangu zisisomwe. Utamtaja Twiga kwa jina lake kamili, na useme kwamba taa ilikuwa na mafuta. Ile picha mpeni fundi. Kamba pia ni yake, aamue mwenyewe aifanye nini. Fundi, suti usishone kama mkono unakataa, shuka inanitosha. Msamaha sikuombi hapa, mbele ya watoto wangu, maana utaona haya kuninyima. Ninyime ukitaka.

Limebaki moja... nimelichelewesha kwa kuwa ndilo zito. Ngoja nipumue.

Taa zile zilikuwa na mtu wa kuzijaza kila asubuhi kabla ya kengele. Alikuwa baba yako, fundi. Ile aliijaza kwa mikono yake. Niliposema haina mafuta alikuwa amesimama karibu yangu kama huyu mwanangu alivyokaa, akanitazama, akanyamaza, asinivunjie heshima mbele ya meneja. Alijua nimesema uongo. Alijua mle ndani hakuna hewa. Na bado... bado alishuka.

Miaka arobaini namwomba Yesu aje, halafu nikikumbuka anajua yote, najificha. Kumbe nilishaonyeshwa. Anayeokoa huwa anajua, na hushuka hivyo hivyo. Nimechelewa kuelewa, lakini leo namwita. Namwita kwa jina hilo... nikiwa sina pazia.

Wanangu, sogeeni. Mungu awape mdomo wa kusema kosa lenu lingali dogo. Awape mtu wa kuwafuata mkianguka. Msilumbane tena... salimianeni. Nawabariki wote, na watoto wenu, na... mnisamehe ile sauti niliyomfokea mama yenu.

Nani amezima taa... hapana, giza ni la macho yangu. Nani huyo anagusa kamba? Ni wewe, fundi. Vidole vinakutetemeka. Unaifungua, au... unaikaza? Sioni vizuri.

Usiseme. Vyovyote vile, mwanangu... mimi nimetulia.