Leta ya Mzee Nasiri

Kwanza salamu, maana siwezi kuingia kwa mtu bila kubisha hodi. Bi Salha, mke wa Mzee Nasiri, shikamoo, na pole kwa kufunga mizigo. Umutoni, binti yao uliyeolewa Rubavu, hujambo mwanangu, na mumeo Nizeyimana hajambo? Kirezi, mjukuu, wewe ndiye unayetunyang'anya babu yako, lakini tunakusalimia hivyo hivyo. Sisi huku kwenye ukumbi wa geimu wazima. Madamu Winifred, mwenye ukumbi, mzima. Libère wa mlangoni mzima, goti tu linamsumbua. Binti yangu Raïssa mzima. Na mimi Gaudiose, Mama Raïssa, ninayepika chai na chapati na kufuta vumbi, namshukuru Mungu.

Leo Jumamosi tarehe 31 Januari, baada ya umuganda, ile kazi ya mtaa ya mwisho wa mwezi, Mzee Nasiri Mutsinzi anastaafu na kuhamia Rubavu. Ametufanyia kazi miaka ishirini na moja. Madamu amesema wasifu niuandike mimi, kwa kuwa meza ya chai na meza ya fundi zimeegemea ukuta mmoja, na hakuna alichosema mzee ambacho sikukisikia. Raïssa amenisahihishia herufi, maneno ameniachia. Nitasema pia nani atakaa kwenye meza yake, kwa sababu hilo ndilo lililoninyima usingizi mwezi mzima.

Alikuja hapa mtaani Gisimenti kabla hapajawa ukumbi wa michezo. Palikuwa sekretaria, watu wanakuja kuchapisha barua za kuomba kazi na kutoa fotokopi. Mzee alitoka Biryogo, mtaa wa Waswahili, alikokuwa akitengeneza redio na cherehani za umeme za mafundi nguo, akaja kwa ajili ya printa. Baadaye sekretaria ikawa sayiba, watu wanalipia intaneti kwa dakika. Sayiba ikafa, simu zilipojaa mifukoni mwa watu. Ndipo Madamu, ambaye amekulia Kampala na kuona vijana wa kule wanavyocheza, akaleta mashine za geimu, kubwa, zinawaka taa ndani kama harusi. Tulidhani mzee atarudi kwenye cherehani zake. Yeye akafungua ya kwanza, akachungulia, akasema, "Hii ni cherehani yenye feni." Akavuta kiti.

Wote mnajua shati lake. Jeupe, limepigwa pasi, kila siku ya Mungu. Fundi mwingine anavaa koti la kazi, yeye anakunja mikono ya shati mara mbili na vumbi linamwogopa. Nikipita na chai ananyoosha kiganja kama polisi wa barabarani nisije nikamwagia. Na tusidanganyane siku ya kuagana, mzee si mtu wa kukubali kosa. Kuna siku alilaumu umeme wa mtaa mzima kutwa nzima, mpaka Libère akaona waya wa mashine uko chini, haujachomekwa. Mzee akajibu kwamba hata kama ungechomekwa, umeme ulikuwa mbaya.

Lakini kazi aliijua. Wakati wa korona, ukumbi umefungwa na hakuna mchezaji, alipata ruhusa akawa anakuja kuwasha mashine moja moja zisishike unyevu. Tulipofungua tena, zote ziliwaka.

Mtu akija analalamika kwamba geimu inakwamakwama, vijana wote huwa na jibu moja, nunua kadi ya picha mpya. Mzee hakununua kitu upesi. Aliuliza kwanza, "Nani anamsubiri nani?" Mara ya kwanza kumsikia nilidhani ni mambo ya uchumba.

Alinieleza kwa jiko, kwa sababu jiko ndilo ninalolijua. Prosesa ni mpishi. Ramu ni meza anayokatia vitunguu. Diski ni stoo ya nyuma. Kadi ya picha ni yule anayepanga sahani ipendeze, halafu anampelekea mteja. Chakula kikichelewa usimfukuze mtu kabla hujaangalia. Pengine mpishi ni hodari ila meza imejaa, kila akitaka kitunguu anakimbia stoo. Pengine sahani zimerundikana kwa mpangaji. Pengine mpangaji amekaa anachezea simu, kwa kuwa aliyezidiwa ni mpishi.

Basi anaacha geimu icheze mpaka mashine ishike joto, maana mashine baridi inadanganya. Anafungua ukurasa unaoonyesha kila mmoja amelemewa kiasi gani. Kisha anapunguza ubora wa picha. Mchezo ukianza kukimbia, aliyeelemewa ni kadi ya picha. Ukibaki vilevile, kadi haina kosa, nenda kwa mpishi na meza yake. Na ukikuta ramu imejaa huku taa ya diski inapepesa bila kupumzika, hizo ndizo mbio za stoo. Mashine inayochelewa aliiita mgeni rasmi, kwa sababu wote mmekaa, yeye bado hajafika.

Hapa Libère ameniomba niruke, lakini siruki. Siku moja mashine ya dirishani ilionekana ramu yake ni ndogo. Mzee alikuwa anawahi swala ya Ijumaa, akachukua kalamu ya wino mzito akaandika ubavuni mwake LETA. Alitaka kumalizia na ramu, wino ukakata, akaondoka. Mzee ana Kiswahili cha Biryogo, alikuwa anasema mtu alete. Libère naye anasoma Kinyarwanda, na kwa Kinyarwanda Leta ni serikali. Alipoingia zamu akakuta tumeletewa mashine ya serikali. Akaifunika kitambaa, akaweka kiti mbele yake. Kijana akisogea anaambiwa, "Wewe, hiyo iko ya Leta, unataka nifungwe?" Hata mimi nikawa naifuta vumbi kabla ya zote. Mzee alishikwa na homa, akakaa nyumbani, na mashine ikaendelea kuheshimiwa mpaka Madamu aliporudi safari na kuniuliza kwa sauti ya chini ni ya wizara gani.

Mzee aliporudi alicheka mpaka akakaa chini. Libère akamwambia, "Si ungeandika kwamba unataka lamu?" Mzee akamjibu, "Lamu ni mji wa babu zangu, haiingii kwenye mashine. Sema ramu." Tangu hapo kila mashine inayongoja kifaa tunasema imeajiriwa serikalini.

Sasa habari ya meza.

Raïssa amekaa kwenye stuli pembeni ya mzee tangu amalize sekondari. Alikuja kunisaidia vikombe, vikombe vikabaki kwangu. Mzee alipotangaza kwamba anastaafu, Madamu aliniita akaniambia wazi, "Mama Raïssa, mtoto wako nampenda, lakini ukumbi huu unatulisha sote. Kuna kampuni ya Kimihurura inataka kushika kazi hii. Nitaangalia siku ya mashindano, halafu nitaamua." Simlaumu. Ila siku ile niliunguza chapati zote.

Mashindano yalikuwa Jumamosi iliyopita. Mzee alitaka kuaga vizuri, kwa hiyo alizifungua mashine zote, akatoa kila kitu ndani, akapiga brashi, akarudisha. Alhamisi tukazijaribu. Zote zikakimbia isipokuwa ile ya dirishani, ile ile ya Leta. Mchezaji wa ndani ya kioo anakimbia, anaganda, anaruka, anaganda.

Mzee akaikagua kama kawaida yake. Akapunguza ubora wa picha, vilevile. Kadi ya picha imepumzika. Ramu ina nafasi. Prosesa iko juu kabisa, imejaa. Akavua miwani. "Mpishi amezeeka," akasema. "Anataka kustaafu kama mimi." Akachukua kalamu, akaandika LETA, safari hii akimaanisha prosesa mpya. Madamu akatoa simu awapigie wale wa Kimihurura, kwa sababu hakuna mwingine wa kuileta na kuifunga kabla ya Jumamosi. Nikajua wakishaingia kwa ajili ya hiyo moja, hawatatoka.

Ndipo Raïssa akasema kutoka kwenye stuli, "Mzee, mpishi amechoka, au anasubiri?"

Nilikuwa nimeshika chupa ya chai, nikamkonyeza mwanangu anyamaze. Hakunitazama. Mzee akamgeukia polepole, "Unanifundisha?" Raïssa akamjibu kwa adabu, lakini hakurudi nyuma, "Hapana, Mzee. Nakuuliza swali lako." Akasema ile namba ya prosesa haijui kutofautisha mpishi anayekata na mpishi aliyesimama kisu mkononi anangoja kitunguu, wote inawahesabu wako kazini. Akasema tena kwamba wiki iliyopita mashine hii ilikuwa nzuri, na prosesa haizeeki kwa mchana mmoja. Akaomba bisibisi. Madamu akakata simu kabla haijapokelewa. Mzee akampa.

Raïssa akafungua. Ramu zilikuwa mbili, zimekaa jirani kabisa, zimebanana upande mmoja. Kwenye mashine nyingine zimeachiana nafasi katikati. Akanionyesha mimi, nadhani ili wengine wasione aibu kutojua, "Mama, meza ni kubwa, lakini vitunguu vyote vinapita mlango mmoja. Ukizitenganisha, milango inakuwa miwili." Akazima umeme, akachomoa moja, akaihamisha, akafunga. Geimu ikakimbia. Yule mchezaji akakimbia mpaka mwisho wa daraja bila kuganda hata kidogo, na prosesa ile iliyozeeka ikawa kijana.

Madamu akauliza, "Nani alizibananisha?" Sote tukaangalia dari. Tulijua ni mkono wa nani uliopiga brashi.

Mzee akajigusa kifuani, akasema, "Mgeni rasmi."

Akakunjua mkono wa shati lake, akafuta ile LETA, wino bado mbichi. Bi Salha, lile doa jeusi lililokataa kutoka, sasa unajua limetoka wapi. Kisha akachukua mto wake kutoka kwenye kiti cha fundi, akaenda kukaa kwenye stuli ya Raïssa, akaniomba chai.

Jumamosi ya mashindano alikaa hapo hapo kutwa nzima. Mashine mbili zilisumbua, hakunyanyuka. Raïssa alimtazama mara moja tu, yeye akajifanya anatafuta sukari. Hakuna mchezo uliokatika. Jioni Madamu alimwambia Raïssa, "Jumatatu baada ya kumuaga mzee, uje mapema, funguo ni zako." Wale wa Kimihurura walipopiga simu aliwashukuru.

Wengine leo watampa mzee zawadi, na anastahili. Mimi namshukuru kwa ile stuli. Mtu mwenye majivuno kama yake kukubali kukaa chini mbele ya ukumbi mzima ili mtoto wa mwenzake akae juu, hilo silijui jina lake. Bado naogopa, mimi ndivyo nilivyo, lakini Jumatatu mwanangu atakaa pale, na mimi nitakuwa upande wa pili wa ukuta na chupa yangu ya chai, hatuondoki.

Mzee Nasiri, nenda salama. Upepo wa ziwa usikuingie kifuani, Kirezi akucheleweshe kulala kwa maswali yake, Ramadhani ikukute na afya, na mashati yako yapate mtu wa kuyapiga pasi vizuri. Ukifika Rubavu, kabla hujavua viatu, tuambie umefikaje. Raïssa ameshaandaa swali la kwanza la kukuuliza kwa simu, na mimi sitatulia mpaka nisikie sauti yako. Usiwe mgeni rasmi. Leta habari, Mzee, leta upesi. Na hii ni leta yako ya Biryogo, si ile ya Libère.