Kotile Bonaya: Fundi Aliyeulizia Mvua Kabla ya Kupima Suti

Baada ya miaka thelathini na mitatu kwenye meza ya kukata, Fundi Kotile Bonaya anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Nasema rasmi kwa sababu alipaswa kustaafu miaka mitatu iliyopita. Kila mwaka tulimwomba abaki kidogo, na kila mwaka alibaki. Habsa, katibu wa ushirika wetu, amenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nimekaa meza ya pili kutoka yake kwa miaka kumi na minne, na pia kwa kuwa wenzangu wote walijifanya wana shughuli. Naandika nikiwa nimechoka, mnisamehe. Ndio tumemaliza sare za shule mbili, na miguu bado inaniuma kwa kukanyaga cherehani.

Fundi Kotile alizaliwa Gotu, kijiji cha wafugaji. Alikuja mjini kijana, akajifunza kushona kanzu mtaa wa Bulla Pesa, kisha akajiunga na karakana yetu hapa Chechelesi mwaka wa 1992. Siku hizo suti ilikuwa suti. Kitambaa kililowekwa majini na kuanikwa kivulini, ili kama ni kupungua kipungue hapo, si mwilini mwa mteja. Kisha ikaja chaki, mkasi, na bandi ndefu nyeupe za kushikilia vipande. Mteja alijaribu mara mbili kabla ya mshono wa kweli kupigwa. Kola Fundi aliishona kwa mkono, na akimwona mtu anaipitisha kwenye cherehani alitoka nje kupunga hewa.

Sifa yake kubwa ilianza na kosa. Mwaka wake wa pili, bwana harusi mmoja aitwaye Abdighani alitoka malishoni katikati ya kiangazi, mbavu unazihesabu. Fundi alimpima, akamshonea suti iliyomkaa vizuri hata karakana nzima ikatoka kutazama. Halafu mvua ikanyesha, ng'ombe wakajaa maziwa, bwana harusi akanenepa, na harusi ikafanyika miezi mitatu baadaye. Siku yenyewe Abdighani aliinama kuwasalimu wakwe, na koti likapasuka mgongo kutoka kola hadi chini. Alimaliza sherehe amejifunika shuka ya mjomba wake. Wakwe walicheka sana. Fundi Kotile hakucheka.

Tangu hapo hakushika utepe wa kupimia kabla ya kumwuliza mteja, "Kwenu kumenyesha?" Aliyejibu "bado" aliachiwa vidole vinne vya kitambaa ndani ya mshono wa mgongo, na vinne vingine kiunoni. Aliyejibu "ndiyo" aliachiwa kimoja. Afisa mmoja mgeni, aliyehamishiwa hapa kutoka mkoa wa mbali, alidhani anasalimiwa tu, akaeleza hali ya hewa ya kwao hadi chai ikapoa. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, akampima, akamwachia viwili. Kila baada ya masika makoti yalirudi kwa wingi, wenyewe wakiwa wamenenepa na wanacheka, nasi tukayafungua. Mimi nimefungua mengi kuliko ninavyotaka kukumbuka.

Alishona na vioja pia. Shule moja iliomba vazi la ngamia la kuvaliwa na watu wawili, kwa sherehe ya utamaduni. Mwingine angekata gunia. Fundi alikwenda kupima ngamia wa kweli, na ngamia akatafuna utepe hadi inchi ya ishirini. Vazi lilitoka na bitana ya hariri, nundu ya sponji ya godoro na mikunjo iliyopigwa pasi. Jama wa vifungo alivaa mbele, Mako wa pasi akavaa nyuma, wakatembea uwanja mzima bila kuanguka. Tulipolikagua baadaye tulikuta mfuko wa ndani upande wa kifua. Fundi alisema hawezi kutoa koti bila mfuko, na yule naye ana kifua.

Kuna mzee dereva ambaye mkono wake mmoja ulipona mfupi baada ya ajali. Fundi alimshonea makoti matano, mikono haikulingana hata kidogo, na barabarani hakuna aliyewahi kugundua. Hiyo ndiyo kazi ninayoionea wivu.

Sasa niseme lililo moyoni. Ukame wa juzi ulimaliza ng'ombe wake wote Gotu. Hakuchukua hata siku moja ya kukaa nyumbani. Alikuja kazini, akakata suruali za sare, akapungua mwili. Koti lake la kijivu nimeliona akilipunguza mwenyewe mara tatu, saa ya chakula, ametugeuzia mgongo. Tuliona, tukamwomba abaki tena, kwa sababu hakuna kati yetu aliyethubutu kukata suti peke yake. Mimi ndiye niliyeogopa kuliko wote. Aliponipa mkasi nilisema kesho, na kesho yangu imemla miaka mitatu. Hilo linaniuma, na sina njia nzuri ya kuliandika.

Kamati ilitaka kumpa blanketi na saa ya ukutani. Nilisema hapana, tumpe suti, na nitaikata mimi. Wiki mbili zilizopita alisimama mbele ya meza yangu, mabega yake mepesi chini ya utepe. Kabla ya kupima nilimwuliza, kama alivyotufundisha, "Fundi, kwenu kumenyesha?" Sote tunajua Gotu ni kijani sasa. Akasema, "Gotu kumenyesha, Elizabeth. Kwangu mimi bado."

Nilikata siku ile ile.

Fundi Kotile, kwa niaba ya karakana nzima tunakushukuru, na tunakuomba radhi kwa kukuchelewesha. Suti utakayokabidhiwa Ijumaa ni ya kijivu, kola nimeshona kwa mkono, na mfuko wa ndani upo. Itakukaa sawa ulivyo sasa, ila ukipapasa mshono wa mgongo utakuta sikuacha vidole vinne. Nimeacha sita. Nenda ulale mchana bila aibu, unywe maziwa ya watu wa kwenu hadi wachoke kukumiminia. Mungu akupe siku za taratibu na mwili unaorudi. Siku koti litakapokubana, lilete. Mkasi wako utanikuta nao, nami nitalifungua mwenyewe.