Gari la Kesho Lisije

Sogeeni, wanangu, sogeeni hapa kitandani wote watatu, na wewe Mkubwa acha kusimama mlangoni kama mtu anayedai kodi, kaa kwenye hicho kiti, hakivunjiki, nimekitengeneza mwenyewe. Bi Mipango, weka chini hiyo kalamu, mwanangu, leo hakuna cha kuandika. Na wewe Kimya, kitindamimba wangu, kaa miguuni pangu ulipozoea. Haya. Mnisikilize mpaka mwisho na msinikatize, maana pumzi yangu siku hizi ni ya kubahatisha, na nikikatizwa nitasahau nilipofika nianze upya tangu siku niliyozaliwa, na hapo mtajuta.

Leo asubuhi niliwasikia. Mlidhani nimelala. Mlikuwa hapo karakanani, upande wa pili wa hizi mbao ambazo marehemu baba yenu alizigongelea tulipokosa uwezo wa kujenga ukuta, na mbao hizi hazijawahi kuficha siri ya mtu. Nikasikia kwamba kesho gari linakuja, mama alazwe siti ya nyuma, apelekwe kwa Mkubwa huko mji mwingine, kwenye nyumba ya ghorofa, apewe chumba chenye bafu lake na muuguzi wa kumwangalia, na hapa papigwe kufuli. Mlipanga vizuri, sikatai, mlipanga hata nani ashike kichwa na nani ashike miguu. Kitu kimoja tu mlikisahau, nacho ni kuniuliza mimi. Nikajisemea, loo, watoto hawa wananihamisha kama kochi! Na hata kochi, miaka yote niliyofanya kazi hii ya kutengeneza makochi, sijawahi kuligusa kabla ya kumuuliza mwenyewe analitaka vipi. Nilicheka peke yangu mpaka kikohozi kikanishika, ndipo Bi Mipango ukaja mbio na glasi ya maji, roho juu, ukidhani nakata roho.

Sasa nimewaita niwape wosia wangu, lakini wosia wangu una masharti. Nimekwenda misiba mingi, nimeona maneno ya marehemu yanavyoshikwa, hata yale ya kipuuzi, watu wanaambiana marehemu alisema, marehemu alitaka. Lakini marehemu huyo huyo alipokuwa hai, akisema leo sitaki supu, aliambiwa kunywa tu, mama, itakusaidia. Mimi wa kwangu nataka uanze kufuatwa leo, nikiwa naona kwa macho yangu. Sina haja ya kuheshimiwa nikiwa sipo.

Bi Mipango, unalikumbuka goti? Nyinyi wengine hamjawahi kuisikia habari hii yote, dada yenu huwa anaikata katikati. Nilikuwa nimeteleza bafuni, nikaanza kutembea na mkongojo, tukaenda kliniki mimi na yeye. Daktari, kijana mstaarabu tu, akaniangalia mara moja kisha akamgeukia dada yenu. "Bibi anakula?" "Anakula." "Analala?" "Analala." Mimi nipo hapo katikati, nimevaa gauni jipya, nimejipaka mafuta nang'aa, hakuna aliyeniona. "Goti gani linamsumbua?" Dada yenu bila hata kupepesa macho, "La kulia." Wee! Goti langu bovu ni la kushoto, na nimekuwa nikilala nalo kila siku kama mgeni mkorofi asiyetaka kuaga. Nilitaka kusema, kisha ukorofi wangu ukaniambia, hebu nyamaza tuone. Wakanipeleka kwenye mashine, wakalipiga picha la kulia, mbele, ubavuni, limekunjwa, limenyooshwa. Daktari akaishika ile picha kwenye mwanga, akakunja uso, akasema, "Ajabu, goti hili ni zima kabisa, utafikiri la msichana." Hapo nikashindwa kujizuia. Nilicheka, wanangu, mpaka mpiga picha akatoka chumbani kwake kuuliza kuna nini, naye akaanza kucheka bila kujua anacheka nini. Nikamwambia, "Daktari, mgonjwa ni mimi, niulize mimi." Aliona haya, Mungu ambariki, akavuta kiti akakaa mbele yangu tukatazamana, na tangu siku ile hajamuuliza mtu mwingine habari za mwili wangu. Usiinamishe kichwa, Bi Mipango. Hukukosea kwa ubaya, ulikosea kwa kunipenda haraka haraka.

Nilidhani ni nyinyi tu, kumbe mji mzima umeshikwa na ugonjwa huo. Nilikwenda na Fundi Saa, huyu jirani yetu aliyekuwa akitengeneza saa pale kona, kubadilisha vitambulisho vyetu. Tukakuta dirisha la wazee limefungwa, mambo yote sasa ni kwenye simu, na tangazo limebandikwa pale kwamba mtu wa miaka sabini na kuendelea aje na mtoto au mjukuu wa kumsemea. Mnamjua Fundi Saa, hakujaliwa mtoto. Akamuuliza yule karani kwa upole kabisa, "Sasa mimi niazime mtoto wa nani?" Karani akasema hizo ndizo taratibu, mzee wangu. Mimi nina watoto watatu wazima, ningeinua simu tu mngekuja mbio, lakini siku ile nilikataa kuwaita. Nikamwambia Fundi Saa, tukae. Tukakaa.

Kesho yake tulirudi na wengine, akawemo mwalimu mstaafu wa shule ya hapa jirani, na yule mkunga wa zamani aliyewapokea duniani nusu ya makarani wa ofisi ile, na akawa anawaita kwa majina yao ya utotoni, weee, watu walijificha nyuma ya mafaili! Hatukumtukana mtu. Tulikuja na chupa za chai na drafti, tukacheza kwenye benchi lao, tukamkaribisha kila aliyepita, na siku zikapita hivyo, mpaka mkuu wa ofisi mwenyewe, mama mmoja wa makamo, akatoka akashika kiuno akasema, "Nyinyi wazee wangu, hivi mnataka nini?" Nikamjibu, "Tumefurahi sana umetuuliza." Tukamweleza kwamba simu hatuzikatai, mtufundishe tu na sisi tutajifunza, lakini tangazo lile hatulitaki, kwa sababu hakuna sheria ya nchi inayosema mtu akizeeka anageuka mtoto wa mtoto wake. Mimi ni raia. Nimelipa kodi, nimepiga kura kila uchaguzi kwa mkono wangu, na uraia wangu haukuchakaa pamoja na magoti. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda akalibandua tangazo kwa kucha zake, na wiki iliyofuata dirisha likafunguliwa na kiti kikawekwa mbele yake, useme shida yako umekaa. Fundi Saa alicheza ngoma kwenye ukumbi ule mrefu na mkongojo wake mpaka wakamwambia baba, utaanguka. Akasema nikianguka nitaanguka nimefurahi.

Ndiyo maana nawaambia msinionee huruma, kwa kuwa miaka hii ya mwisho nimeishi vizuri kupita nilivyotarajia. Mimi na Fundi Saa tumetembea kila asubuhi mpaka sokoni na kurudi, polepole, tukiwasema watu. Nimejifunza simu, siku hizi nasoma habari za bunge mwenyewe na nagombana nazo mwenyewe. Nimeshona mito ya makochi mpaka mwezi uliopita, na mshono wangu bado umenyooka, muulize mteja yeyote. Na kila Jumamosi wazee wamejaa hapo chumba cha mbele, huyu anamsomea mwenzake barua ya hospitali, yule anamfundisha mwenzake kujaza fomu, na kelele zao nazipenda kuliko redio. Najua mnanong'ona kuhusu mimi na Fundi Saa. Nong'oneni kwa sauti, mnatunyima raha! Kuna kitu, ndiyo. Ananichekesha, na huwa ananiibia kwenye drafti na mimi najitia hamnazo. Katika umri wangu hayo ni mapenzi ya kutosha kabisa.

Sasa mali, niseme upesi. Nyumba hii, karakana na ua ni vyenu watatu sawasawa, binti na wana, asitokee mtu akaleta maneno kwamba binti ana kwake. Anapo kwake, na hapa pia ni kwake. Cherehani, mkasi mkubwa na nyundo ni vya Kimya, kwa sababu ndiye aliyeupenda ufundi, na nyinyi wawili hata msumari mnaushika kama mnashika nge. Chumba cha mbele kibaki wazi kwa wazee siku ya Jumamosi, maadamu wapo. Sina deni la mtu. Kitambaa cha bluu kilichoko rafuni ni cha mwalimu, apelekewe.

Na baba yenu mdogo, mwiteni. Najua mmeshtuka. Hatujasemeshana tangu wiki tuliyomzika baba yenu, alipokuja hapa na kufuli lake akasema mjane hawezi kuendesha karakana, akawauliza ndugu, akawauliza majirani, akamuuliza mpaka muuza mbao, mimi niko jikoni nasikia. Nikatoka na nyundo mkononi, sikumpiga, nilimwonyesha tu. Mahakama ikamaliza mengine. Mlikula na mkasoma kwa kazi ya karakana hiyo hiyo. Kinyongo nimekitua, kilikuwa kizito na sina tena mikono ya kubebea vitu. Siku ya mazishi yangu mkalisheni kwenye kochi la kijani, lile zuri kupita yote, mwacheni azame mpaka kiunoni. Akilisifia, mwambieni limetengenezwa na mjane.

Nipeni maji kidogo. Ahsante.

Haya, gari. Daktari wangu ameniambia mwenyewe, uso kwa uso, kwamba moyo umechoka na hakuna tena dawa ya kuurudisha, na akaniuliza nataka kumalizia wapi. Nikamwambia nyumbani. Sikusema hivyo kwa sababu ya ukaidi, Mkubwa, wala si kwamba naidharau nyumba yako, nyumba yako ni nzuri na mke wako ananitunza kama mama yake mzazi. Lakini huko nitakuwa mgonjwa wa chumbani, nikiangalia dari, watu wakiingia kwa kunyata. Hapa ni mimi. Hapa nasikia Kimya anagonga misumari, namjua mteja kwa kikohozi chake, Fundi Saa anapita dirishani asubuhi anauliza, "Bado upo?" nami namjibu, "Kwani wewe je?" Nataka kufa nikiwa mwenyeji. Ninajua kwenu itakuwa kazi zaidi, mtasafiri, mtalala chini, mtapokezana. Najua, na bado nawaomba. Ni haki yangu, lakini kwenu siidai kama nilivyoidai kule dirishani. Kwenu naiomba.

Mkubwa, mpigie dereva. Sasa hivi, hapa hapa, nisikie.

...

Ahsante, baba. Umesema vizuri, "Mama amekataa." Hujasema "tumeahirisha." Njoo nikushike. Wewe mtoto mkubwa wa kiume unalia nini, utanilowanishia shuka, Bi Mipango ameipiga pasi jana. Haya lia, lia kidogo. Na mimi nina furaha, wanangu, sijui niisemeje, nina furaha mpaka kifua kinaniuma, au ni ule moyo.

Sauti inakwisha. Kimya, nisogezee mto. Hapo.

Mungu awape uzee. Ndiyo dua yangu, wala msicheke, awape uzee mrefu wenye meno machache na marafiki wengi, na watoto wenu wawaulize kabla ya kuwabeba. Msigombane juu ya hizi mbao. Msiache kupiga kura. Mkipita mahali mkaona mzee anasemewa, mwulizeni yeye. Radhi zangu mnazo, zote, tangu mlipozaliwa, hakuna siku niliyozichukua.

Bado moja. Itafika... pengine leo, pengine wiki ijayo, nitafungua mdomo na neno halitatoka. Mtauliza, mama unataka nini, nami nitawaangalia tu. Siku hiyo msiogope. Msikae mkibishana mama angetaka hivi, mama angetaka vile. Amueni nyinyi. Maji au bila maji, dirisha wazi au limefungwa, daktari aitwe au asiitwe, lolote mtakaloamua nimeshalikubali, tangu sasa, nikiwa na akili zangu timamu. Hakuna aliyeninyang'anya neno langu. Nimewapa mwenyewe.

Sasa semeni nyinyi. Mimi nasikiliza.