Mbuzi Mwenye Koti

Tulitoka Butembo kwenda Beni tukiwa batu batano kwa kiti ya nyuma ya taxi, na juu ya baridi ya asubui nilijifunika koti mpaka kichwani. Karibu yangu, kijana mumoja wa taxi-moto, mwenye kubeba batu na pikipiki, alikuwa anaelezea kesi yake kwa mama muuza samaki wa Kyavinyonge, mutu mwenye hakumujua hata kidogo.

"Mama, niko naenda kutafuta avoka, wakili wa kunitetea. Polisi ya roulage, bale ba barabarani, balikamata moto yangu, ati nilibeba batu babili nyuma. Lakini wa pili alikuwa mbuzi! Nilikuwa naipeleka ku bukwe, kwa baba ya muchumba wangu, mvua ikaanza, nikaivalisha koti yangu."

Mama akacheka mpaka kitunga ya samaki ikatingishika kwa magoti yake. "Avoka ni wa kesi ya mashamba, mutoto wangu. Enda na baba mukwe ku bureau ya polisi, aseme alipokea mbuzi, basi."

"Hapana, mama! Baba mukwe nilimuambia moto ni yangu. Kule atasikia ni ya patron, mwenye kunipa kazi."

"Kwa hiyo avoka ni wa kufunika uongo?"

"Ni wa kutetea mbuzi, mama."

"Na mbuzi iko wapi?"

"Balishaikula ku bukwe."

Mimi nikaona avoka atakuwa na kazi.

Mbele ya kuingia Beni, polisi mumoja wa roulage akatusimamisha, akaingiza kichwa ku dirisha, akaanza kutuhesabu. Chauffeur, mwenye alikuwa anasikiliza yote, akaninyooshea kidole:

"Chef, ule mwenye koti ni mbuzi."